Sikiliza Chumba Kwanza

Leo nimekuja na santuri moja kwapani, nimeizungushia gazeti kama samaki wa sokoni, na fundi wetu wa mitambo ananitazama kupitia kioo akidhani nitaipiga sasa hivi. Bado, kaka. Ngoja kwanza niisengenye.

Santuri hii ni Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis. Wapenda jazi wakikaa kubishana, hii ndiyo inayomaliza ubishi au inayouanzisha. Nataka kukwambia jambo ambalo kwa zaidi ya miaka 30 lilipita masikioni mwa watu wengi: upande wake wa kwanza ulikuwa umekosewa. Tarehe 2 Machi 1959, siku ya kwanza ya kurekodi, mashine kuu ya utepe ilikuwa inazunguka polepole kidogo kuliko ilivyotakiwa. Utepe uliorekodiwa polepole ukija kupigwa kwa mwendo sahihi, muziki hukimbia na sauti hupanda. Haikupanda sana, ni kiasi cha mwimbaji kuinua kidevu. Lakini shika tarumbeta yako nyumbani ujaribu kupiga pamoja na santuri hiyo: hamwelewani. Sijui ni vijana wangapi waliojifunza kwa sahani ile wakaamini kosa lilikuwa la midomo yao. Ilipofika 1992 ndipo likatoka toleo lililotumia utepe wa akiba, uliorekodiwa siku ileile na mashine ya pili iliyokuwa nzima, na nyimbo zote tatu za upande ule zikarudi mahali pake.

Naanza na kasoro hiyo kwa sababu kazi ya kuchambua albamu, ambayo nimeifanya miaka mingi na kuikosea mara nyingi, watu huidhani ni kazi ya kusema huyu anajua, yule hajui, huu muziki, ile kelele. Ukienda hivyo utamaliza kurasa zako ukimsema mwanamuziki, au mbaya zaidi, ukiisema aina ya muziki usiyoipenda tangu hapo. Albamu ni kitu kilichotengenezwa. Kuna watu waliingia ndani ya chumba fulani, wakakuta mashine fulani, wakawa na siku kadhaa na fedha kadhaa, wakatoka na utepe. Siku hizi sikio langu nalipeleka kwenye chumba kwanza. Mambo ya nani anajua huja baadaye, na mara nyingine hayaji kabisa.

Sisi wa upande huu albamu ni mgeni wa karibuni. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi, upande mmoja wa santuri ulikuwa na nafasi ya dakika 3 na ushei, basi. Baadaye zikaja zile sahani ndogo, wimbo ukawa unakatwa katikati kama andazi: upande huu maneno, ukigeuza ndipo sebene. Bendi zetu nazo ziliingia studio za Redio Tanzania, wimbo ukatoka hewani peke yake, tukaujua kwa jina bila kuuliza ndugu zake ni nani. Kwa hiyo kumwambia msikilizaji wa hapa akae dakika 45 na albamu moja, asiinuke hata kuteleka chai, ni kumdai deni ambalo hakukopa. Nadai hivyohivyo. Kampuni ya kurekodi ya Columbia ilipoleta santuri ndefu mwaka 1948, yenye zaidi ya dakika 20 kila upande, ndipo wanamuziki wa Marekani walipopata nafasi ya kusema jambo refu bila kukatwa kauli, na jambo refu husikilizwa mpaka mwisho.

Nikisema jazi, kwa leo, sisemi Morogoro Jazz, Western Jazz wala Kilwa Jazz. Hao neno walilivaa kama suti, ndani yake mlikuwa na dansi letu wenyewe. Wao tutawapa jioni yao.

Turudi chumbani. Kind of Blue ilirekodiwa ndani ya kanisa, na sisemi kwa mafumbo. Columbia walikuwa na studio Mtaa wa 30 Mashariki, Manhattan, katika jengo lililokuwa kanisa kweli, lenye dari ya juu na sakafu ya mbao, na wanamuziki walizoea kuliita Kanisa. Inasimuliwa kuwa palikuwa na amri mtu asipake rangi kuta wala asisugue sakafu, sauti isije ikaharibika. Wimbo wa kwanza, So What, unaanza kwa piano na besi zinanong'onezana kama watu waliofika mapema msibani. Kisha besi ya Paul Chambers inashika usukani, inauliza, na ala nyingine zinaitika kwa neno moja la mkato, kama manju na waitikiaji wake. Halafu, pale zamu ya Miles inapoanza, mpiga dramu Jimmy Cobb anagonga toazi. Anagonga mara moja tu. Fundi, hapo ndipo nitakapokuomba uipige, utaniona nikiinua mkono. Mshindo ule unachukua muda mrefu kufa, unapanda, unatawanyika, unashuka huku tarumbeta imeshaondoka zake. Ule muda wa kufa kwake ndicho chumba chenyewe. Ungeugonga katika kibanda kilichozibwa kwa magodoro, ungekufa palepale, na Miles angeonekana mtu mwenye haraka.

Na chumba kile kiliwafaa kwa sababu wimbo wenyewe una nafasi. Ni vipimo 32, na mabadiliko ni moja tu: vipimo 16 umekaa nyumbani, 8 umepanda nusu hatua, 8 umerudi. Mpigaji hana pa kujificha. Hana mlolongo wa kodi, noti zinazopigwa kwa pamoja, za kurukaruka ili aonekane hodari, na ndiyo maana mpiga saksafoni John Coltrane, mtu wa maneno mengi, na Miles, mtu wa maneno machache, wanasikika tofauti kabisa wakiwa wamesimama mahali pamoja.

Sasa sikia jambo ambalo lilinifanya niache kugawa muziki kwa mashelfu. Juni 1955, miaka minne kabla ya Kind of Blue, aliingia Kanisani humohumo kijana mpiga piano wa Kanada mwenye umri wa miaka 22, Glenn Gould, na kiti chake kifupi alichotoka nacho kwao, akarekodi Goldberg Variations za Johann Sebastian Bach. Mwaka 1981 akarudi jengo lilelile, piano nyingine, umri miaka 48, akairekodi upya kazi ileile. Ya kwanza ina kama dakika 38. Ya pili ina 51.

Hapo mchambuzi mvivu hutazama saa akaandika: kijana alikimbia, mzee akatembea. Nimeandika hivyo mimi mwenyewe, tena kwa kujisifu. Lakini sehemu ya tofauti ile si mwendo hata kidogo. Mara ya kwanza Gould hakurudia kipande chochote ambacho Bach aliandika kirudiwe, mara ya pili akarudia baadhi. Ukitaka mwendo halisi, sikiliza ile aria ya mwanzo, kabla mabadiliko yake 30 hayajaanza: mara ya kwanza haifiki dakika 2, mara ya pili inapita 3, na noti ni zilezile. Anayejua utenzi ataelewa haraka. Wape wasomaji wawili utenzi mmoja, mizani haibadiliki na vina havibadiliki, ila huyu anapumua mwisho wa mshororo na yule anapumua moyoni. Muziki wa klasiki ndivyo unavyochambuliwa: unasikiliza mtu anapumulia wapi. Kwa Gould pumzi hata huhitaji kuitafuta, maana alikuwa akipiga huku anaimba chini kwa chini, na maikrofoni ilimkamata. Wako wanaoiona ni uchafu. Mimi naichukua rekodi ya 1981 pamoja na mguno wake, kwa sababu kila kipande kinakabidhi mapigo kwa kinachofuata kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto. Ilitoka mwaka 1982, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo Gould akafariki. Studio yenyewe ilikuwa nayo imefika mwisho.

Nisikae sana Kanisani, nina wengine nje wanasubiri, na mmoja ni mtoto wa hapahapa. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Albamu ya bendi yake, Queen, iitwayo A Night at the Opera ilitoka Novemba 1975, na hiyo haina chumba. Wao walitengeneza chumba ambacho hakipo. Ule umati unaoimba katikati ya Bohemian Rhapsody, ambamo mna neno ambalo kila mtoto wa Ng'ambo na Mji Mkongwe analitamka kabla ya kutia tonge kinywani, si umati. Ni watu watatu: Mercury, Brian May na Roger Taylor. Waliimba, wakarekodi juu yake, wakakusanya sauti hizo kwenye njia moja ya utepe ili nyingine ziwe tupu, wakaimba tena, kwa wiki kama tatu. Utepe ulipita mbele ya vichwa vya mashine mara nyingi hata ukachakaa, mpaka, kama May alivyosimulia, ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Na kwenye jalada wakatangaza kuwa hakuna kinanda cha elektroniki kilichotumika. Hilo ni jambo la kujivunia kama fundi wa Lamu anayekwambia jahazi lake halina msumari usio wa lazima.

Lakini albamu si wimbo mmoja, na hapa nina ugomvi na redio, yetu ikiwemo. Upande wa pili unafunguliwa na The Prophet's Song, zaidi ya dakika 8, ambamo Mercury anaimba mstari, mashine inaurudisha umechelewa, naye anauimbia juu yake mwingine, mpaka mtu mmoja anakuwa msikiti mzima. Kwangu huo ndio moyo wa albamu. Haupigwi kwa sababu ni mrefu. Kwa upande mwingine mna nyimbo za mzaha ambazo ningeziacha nje bila kumlilia mtu, na albamu nzima inahamahama mno, leo roki nzito, kesho kinanda cha chai ya saa 10. Naipenda, ila siwezi kukwambia imetulia.

Sasa metali. Najua mzee fulani nyumbani keshasogeza mkono kwenye redio. Mzee wangu, shikamoo, nipe dakika chache tu.

Birmingham, Uingereza, katikati ya miaka ya 1960. Kijana wa miaka 17, Tony Iommi, anafanya kazi kiwanda cha mabati. Mashine inamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa anapiga gitaa kwa shoto, huo ndio mkono unaokanyaga nyuzi. Anakata tamaa. Msimamizi wake wa kazini anamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi kule Ufaransa ambaye mwaka 1928 aliungua mkono katika moto, vidole viwili vikabaki havina kazi, akajifunza upya kwa vilivyobaki. Kisa hiki Iommi amekisimulia mwenyewe. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya kuoshea vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akazibandika ngozi ili zishike nyuzi. Akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Baadaye, katika Master of Reality ya 1971, albamu ya tatu ya bendi yake Black Sabbath, akazilegeza zaidi zishuke chini, na ule uzito ambao leo ndio sura ya metali ukakamilika. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa jazi kwamba metali ni kelele za watu wasiojua muziki, ujue santuri ya jazi ilikuwa mezani metali ilipoanza.

Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilirekodiwa London Oktoba 1969 kwa siku moja. Ni kundi la watu wanne, nyimbo walizokwisha kuzipiga vilabuni, wakaingia, wakapiga, wakatoka. Mvua na kengele ya kanisa unazozisikia mwanzo ziliongezwa baadaye, kisha gitaa linatoa sauti tatu tu, ya tatu ikiwa imekaa vibaya makusudi, mahali ambapo sikio halitaki ikae. Ilitoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Lester Bangs, mchambuzi aliyeogopwa Marekani, aliiandika vibaya katika Rolling Stone. Aliiweka kando ya Cream, bendi ya roki iliyokuwa na mafundi wa kupigapiga, akaona hawa ni Cream duni. Ukisikiliza leo unaona alichofanya: alipima kanga kwa pishi. Cream walitaka kukuonyesha vidole. Sabbath walitaka ukae gizani, na chumba kile kidogo cha siku moja, kisicho na mapambo, ndicho kilichowapa giza hilo. Bangs alikuwa na sikio kali kuliko langu, nami sijitii ubora. Alifika tu na kipimo cha bidhaa nyingine.

Mimi makosa yangu ni mabaya zaidi. Niliwahi kuisikiliza …And Justice for All ya bendi ya Metallica, ya 1988, kwa spika ya simu, ndani ya daladala la Mbagala, jioni. Nikaandika kwamba albamu ni kali ila besi siisikii, na nikawaomba radhi wasomaji kwamba huenda ni simu yangu. Rafiki mmoja mwenye spika kubwa akanihurumia, akanialika. Nikakaa katikati ya spika zake, albamu ikaanza. Besi bado hakuna! Mpiga besi Jason Newsted alikuwa mgeni, ameingia nafasi ya Cliff Burton aliyekufa katika ajali ya basi nchini Sweden Septemba 1986, na waliochanganya sauti wamesema hadharani kwamba bendi ndiyo iliyoagiza besi ishushwe. Kwa sikio lililolelewa na dansi, ambako besi ndiyo inayokuambia mguu upi uinuke, albamu ile ni nyumba isiyo na sakafu. Magitaa yamechongwa, dramu zinakatika kama shoka kavu, na chini ni shimo. Ajabu ni kwamba ubaridi huo unaendana na hasira ya nyimbo zenyewe. Sitoi msamaha, nasema tu kosa lile limekuwa sehemu ya sura yake, na kila mara mtu akijitolea kuirudisha besi kwa mashine zake nyumbani, nasikiliza, nafurahi, kisha narudi kwenye ile mbovu.

Miaka 20 baadaye Metallica haohao walitoa Death Magnetic, 2008, ambayo ilibanwa sauti ili yote iwe juu, mwanzo hadi mwisho, mpaka mawimbi yakapasuka. Walioligundua kwanza ni mashabiki, waliosikia nyimbo zilezile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zikiwa hazijabanwa, wakauliza kwa nini mchezo wa watoto unasikika vizuri kuliko sahani waliyonunua. Swali zuri.

Gazeti moja lilinitaka zamani niweke nyota mwisho wa kila uchambuzi. Niliweka. Nilimpa Gould nne na Sabbath tatu, kana kwamba waliingia uwanja mmoja wakafungana mabao. Nimeacha.

Namalizia na wa karibu. Duma walikuwa vijana wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, na albamu yao yenye jina hilohilo ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Sisi tukisikia duma tunamwona mnyama mwenye mbio, na kweli dramu za mashine humo zinakwenda mwendo ambao binadamu hawezi kuugonga. Lakini jina limetoka kwenye Kikuyu, kwenye nduma, neno la giza. Ukitaka kucheka kidogo, jijini kwao nduma pia ni kile kiazi cha kunywea chai asubuhi. Hakuna Kanisa hapa, hakuna toazi linalokufa taratibu, hakuna utepe wa kuchakaa. Chumba ni kompyuta, nacho kimejazwa mpaka dari. Kuna mtu ndani yake anapiga ukelele kama aliyefungiwa, gitaa limesagwa mpaka limekuwa vumbi, na kila ukidhani umeshika mahali palipo chini, panaondolewa. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya tatu nikaanza kusikia mapigo mawili yanayobishana chini ya vumbi lile, moja la mashine na moja ambalo ningeapa nimelisikia ngomani.

Haya, kaka, weka sindano, na ukifika kwenye toazi nitainua mkono. Wewe msikilizaji, ukiipata albamu ya Duma wiki hii, isikilize yote kwa spika yenye besi, simu weka chumba kingine, kisha niandikie. Usiniandikie kwamba ni kelele, hilo nimeshasikia. Niandikie kelele hizo zimepangwaje.